Gawio la Hisa za Wafanyakazi: Kodi Inakatwa Wapi, Nani Anairipoti, na Kwa Nini Usilichanganye na Hela ya Mayai

Leo naomba tuweke pembeni kideri, gumboro na bei ya mashudu. Tuongelee jambo ambalo vijana wengi wenye miradi mmeanza kulifanya, nami nalifurahia, ila lina upande wa pili ambao hatuuongelei: kuwapa wafanyakazi hisa na kuwalipa gawio. Pia wapo wenzetu ambao asubuhi wako ofisini Posta au Mikocheni, jioni wako bandani, na huko ofisini wamepewa hisa na mwajiri. Somo hili linawahusu wote.

Niseme mapema kwamba mimi ni afisa ugani. Stashahada yangu ni ya kilimo, siyo ya uhasibu. Haya niliyajua kwa kuchelewa, na kuna watu waliumia kwa sababu nilichelewa. Ndiyo maana nayaandika.

Kilichotokea

Kuna vijana watatu wana kampuni ya mayai. Stoo na ofisi viko huku kwetu Mbezi Beach, upande wa Interchick. Mabanda yako Kerege, njia ya Bagamoyo. Wana kuku wa mayai elfu tatu na ushee. Shida yao ilikuwa ile ile ya kila mfugaji: ukimfundisha mtu kazi mpaka akajua kusoma ugonjwa kwa kuangalia kinyesi, kesho kutwa yuko kwa jirani kwa nyongeza ya elfu ishirini. Na trei zilikuwa zinapungua njiani bila maelezo.

Wakaniuliza wafanyeje. Nikawaambia, wapeni hisa wale wanne mnaowategemea. Mtu hawezi kuiba kwenye banda lake mwenyewe. Wakakubali. Kampuni ilikuwa na hisa 1,000. Wakapanga wenyewe watatu wabaki na hisa 300 kila mmoja, na wafanyakazi wanne wapate hisa 25 kila mmoja. Ushauri ule bado nauamini mpaka leo. Trei ziliacha kupotea, na mwaka ule hakuna aliyeondoka.

Mwisho wa mwaka kampuni ilikuwa na faida, wakatangaza gawio la shilingi 16,000,000, yaani shilingi 16,000 kwa kila hisa. Kila mfanyakazi akapata 400,000, zikaingia kwenye simu siku ile ile. Pilau ilipikwa, picha zikapigwa. Hata mimi nimo kwenye picha.

Miezi minane baadaye wakataka mkopo wa kujenga banda jingine. Mhasibu waliyemwita kuandaa hesabu akauliza swali moja tu: "Kodi ya zuio ya hili gawio mlilipa lini?" Hakuna aliyejibu. Wakanipigia mimi. Na mimi sikuwa na jibu.

Hesabu yake ni hii. Gawio la kampuni kama yao hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Asilimia 10 ya milioni 16 ni shilingi 1,600,000. Hela hiyo haikukatwa, na sheria inasema asiyekata anailipa yeye kana kwamba aliikata, pamoja na riba ya kuchelewa. Baadaye ana haki ya kumdai yule aliyelipwa zaidi ya stahili yake. Kwa hiyo kila mfanyakazi akawa anadaiwa 40,000 aliyokuwa ameshaitumia.

Dada mmoja anayehudumia banda la pili, hela yake ilikuwa imeshanunua godoro, sare na madaftari ya mtoto aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza. Alipoelezwa alinigeukia mimi, siyo mabosi wake. "Dokta," akaniambia, maana huku mtu wa mifugo wote tunaitwa dokta, "si wewe ulisema ni hela yetu? Sasa hela yangu mwenyewe naidaiwaje?"

Hilo ndilo swali la somo letu la leo. Jibu lake lilipaswa kutolewa kabla ya pilau.

Tutenganishe maneno kwanza

Mitaani maneno haya yanachanganywa sana, na kodi inafuata maana yake halisi.

*Mshahara* ni malipo ya kazi. *Bonasi* pia ni malipo ya kazi, hata kama inalipwa mara moja kwa mwaka na hata kama inatokana na faida. Vyote viwili vinapita kwenye PAYE. *Gawio* ni malipo anayopata mtu kwa sababu ana hisa. Hata akiwa amelala mwezi mzima, kama hisa ni zake na gawio limetangazwa, analipwa.

Mfano mzuri uko kwa majirani zetu Kenya. Wakulima wadogo wa chai walio chini ya KTDA ndio wanahisa wa kampuni za viwanda vyao. Kila mwaka wanasubiri kwa hamu kile wanachokiita bonasi. Ile bonasi ni malizio ya bei ya majani, inalipwa kwa kilo ulizopeleka kiwandani. Gawio ni kitu kingine, linalipwa kwa idadi ya hisa. Mkulima yule yule na kiwanda kile kile, lakini ni hela mbili tofauti. Hata hapa kwetu, wakulima wa chai wa Rungwe wamewahi kuwa na hisa katika Wakulima Tea Company kupitia chama chao cha RSTGA. Kwa hiyo suala la mtu wa shambani kuwa mwenye kampuni siyo geni.

Sasa angalia hapa. Kama unawaambia vijana wako "mwaka huu tunatoa gawio", lakini hakuna hisa iliyoandikwa kwa majina yao, hilo siyo gawio. Ni bonasi, na inatakiwa iunganishwe na mshahara wao kwenye PAYE. Jina ulilolipa halibadilishi kitu.

Kodi inagusa hisa ya mfanyakazi mara tatu

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu wanafikiria kodi ni moja. Ziko nyakati tatu, na kila wakati una utaratibu wake.

*Mara ya kwanza ni siku ya kupewa hisa.* Ukipewa hisa na mwajiri wako bure, au kwa bei ya chini kuliko thamani yake, ile tofauti ni faida inayotokana na ajira. Haitofautiani na kupewa gari au nyumba. Inaongezwa kwenye mapato yako ya ajira na mwajiri anaikatia PAYE.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa mshahara wa 280,000 kwa mwezi. Tuache makato ya NSSF ili hesabu iwe rahisi. Kwa mwaka anapata 3,360,000. Shilingi 3,240,000 za kwanza hazina kodi, na zinazofuata hadi 6,240,000 zinatozwa asilimia 8. Kwa hiyo kodi yake ya mwaka ni asilimia 8 ya 120,000, yaani 9,600. Sasa mpe bure hisa 25 ambazo thamani yake ni 40,000 kila moja, jumla milioni moja. Mapato yake ya ajira kwa mwaka huo yanakuwa 4,360,000, na kodi inakuwa 89,600. Ameongezewa kodi ya 80,000 kwa mwaka, na hajashika hata senti mkononi.

Kwa hiyo usikurupuke. Zungumza na mhasibu mapema juu ya thamani ya hisa na jinsi ya kuzitoa. Mwajiri muungwana anamwambia mfanyakazi siku ile ile kwamba zawadi hii ina kodi, na wanakubaliana nani ataibeba.

*Mara ya pili ni kila gawio linapolipwa.* Hapa inaingia kodi ya zuio. Kampuni inaikata kabla ya kukupa hela.

*Mara ya tatu ni siku ukiuza hisa.* Mkazi wa Tanzania akiuza hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, faida yake haitozwi kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji. Akiuza hisa za kampuni isiyoorodheshwa, kama hizi kampuni zetu za mayai na mboga, faida inatozwa asilimia 10. Hapo somo lake ni refu, tutalitafutia siku yake.

Leo tunakaa kwenye hiyo ya pili.

Asilimia 5 au asilimia 10?

Kanuni siyo ngumu. Kampuni ikiwa imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, gawio lake linakatwa asilimia 5. Kampuni isiyoorodheshwa, asilimia 10. Kuna nafuu nyingine ya asilimia 5 pale mwanahisa mwenyewe anapokuwa ni kampuni ya Tanzania yenye robo ya hisa au zaidi, lakini hiyo haimhusu mtu binafsi.

Soko letu lilianza mauzo mwaka 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL. Mwaka uliofuata, 1999, ikaingia kampuni ya chai ya TATEPA, kwa hiyo kilimo kiliingia mapema tu.

Chukua mfano wa hisa zinazojulikana na wengi. Kwa mwaka wa fedha 2023, benki ya CRDB ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa. Mtu mwenye hisa 10,000 alistahili 500,000. Kwa kuwa benki hiyo imeorodheshwa, kodi ya zuio ni asilimia 5, yaani 25,000. Anapokea 475,000.

Rudi kwa dada yetu wa banda la pili. Kampuni yao haijaorodheshwa. Hisa 25 mara 16,000 ni 400,000. Asilimia 10 ni 40,000. Alitakiwa kupokea 360,000 tangu mwanzo. Angepokea hizo na karatasi inayoonyesha 40,000 imekwenda TRA, pasingekuwa na kesi yoyote.

Ikishakatwa, imeisha

Hiki ndicho kitu kimoja ninachotaka ukishike hata ukisahau mengine yote. Kodi ya zuio kwenye gawio la kampuni ya Tanzania ni kodi ya mwisho. Ikishakatwa, gawio hilo halihesabiwi tena kwenye mapato yako yanayotozwa kodi. Huongezi juu yake, na pia hudai kurudishiwa.

Najua wengi mtachanganya na ile kodi ya zuio ya asilimia 2 iliyoanza mwaka 2022, pale kampuni inaponunua mazao au mifugo kwako. Jina ni moja, tabia ni tofauti. Ile ya asilimia 2 inakatwa kwenye mauzo ya biashara yako, kwa hiyo ukiandaa hesabu za mwaka unaonyesha mauzo yote, unakokotoa kodi yako, halafu ile iliyokatwa inapunguza deni. Ni kama malipo ya awali. Ya gawio haiko hivyo, inafunga hesabu pale pale.

Kwako uliyeajiriwa na una mradi

Huku Mbezi Beach mko wengi. Nyuma ya nyumba kuna broila mia tano, Bagamoyo kuna heka tatu za matikiti, na mchana una kitambulisho cha ofisi shingoni.

Mtu ambaye mapato yake ni mshahara wa mwajiri mmoja tu, PAYE inakatwa, na labda gawio lililokwishakatwa kodi, kwa kawaida hadaiwi ritani ya mwaka. Lakini ukishakuwa na mradi unaoingiza hela, hadithi inabadilika. Unakuwa na ajira na biashara, na ritani yako inabeba vyote viwili. Makadirio yanawasilishwa mapema ndani ya mwaka husika, kabla ya Machi kuisha, na ritani ya mwisho kwa mwaka unaoishia Desemba inawasilishwa kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Kosa ninaloliona sana liko hapa. Gawio la 475,000 linaingia akaunti ile ile inayopokea hela za mayai. Wiki hiyo hiyo unanunua mifuko ya chakula. Mwisho wa mwaka mtu anayekuandalia hesabu anaangalia taarifa ya benki, anajumlisha kila kilichoingia, anaandika "mauzo". Kama mapato yako yamefika ngazi ya asilimia 30, ile 475,000 inakatwa tena 142,500. Umelipa mara mbili kwa sababu ya kuchanganya hela, na hakuna aliyekuonea.

Kosa la pili ni kinyume chake. Mtu anasikia gawio halitozwi tena, basi kila hela kubwa iliyoingia anasema "hiyo ni gawio". Ukiulizwa hati, huna. Hela isiyo na karatasi inachukuliwa kuwa ni mauzo, na hapo utajitetea kwa shida.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Fungua akaunti ya mradi peke yake. Mshahara na gawio viingie kwingine. Ukiamua kuingiza gawio kwenye mradi, lihamishe na uandike kwenye daftari: "mtaji kutoka kwa mwenye mradi". Hiyo siyo mauzo.

2. Kila gawio likilipwa, omba hati ya kodi ya zuio. Iwe na jina lako, TIN yako, kiasi kabla ya kukatwa, kodi iliyokatwa na kiasi ulichopokea.

3. Usiondoe gharama za hisa kwenye hesabu za shamba. Kama ulikopa kununua hisa, riba ya mkopo huo siyo gharama ya mayai.

4. Tunza karatasi zako miaka mitano. Ndiyo muda ambao sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inautaka.

Wengine hisa zenu zinashikwa na mfuko wa udhamini wa wafanyakazi, siyo kwa jina lako moja kwa moja. Hapo kampuni hukata kodi inapolipa gawio kwa mfuko, na mfuko ukikugawia fungu lako halikatwi mara ya pili. Ila omba taarifa ya maandishi kutoka kwa wadhamini inayoonyesha kodi ilikatwa. Na kama masharti bado hayajatimia na hisa hazijawa zako, halafu mwajiri anakupa kitu mnachokiita gawio, muulize kinapita wapi. Mara nyingi hayo ni malipo ya ajira, na njia yake ni PAYE.

Hisa za kampuni mama ya nje

Kuna wenzetu wanafanya kazi kwenye kampuni ambazo mama yake iko Ulaya, Afrika Kusini au Kenya, na hisa walizopewa ni za kule. Hapa ile kanuni ya "imeisha" haifanyi kazi. Inahusu gawio la kampuni mkazi wa Tanzania. Gawio la kampuni ya nje unatakiwa kulionyesha kwenye ritani yako, kwa sababu mkazi wa Tanzania anatozwa kodi kwa mapato yake ya ndani na ya nje. Kama kule limeshakatwa kodi, tunza ushahidi. Sheria yetu inaruhusu kodi iliyolipwa nje ihesabiwe, ila isizidi ile ambayo ungelipa hapa.

Msomaji mmoja aliniambia kaka yake aliyeko Marekani kila mwaka anapokea fomu ya gawio na anaijaza kwenye ritani yake, akashangaa kwa nini sisi hatufanyi hivyo. Kule mfumo ni tofauti: mlipaji anatoa fomu ya kundi la 1099, nakala inakwenda kwa mamlaka ya kodi, na mpokeaji mwenyewe anaripoti. Hapa kwetu mzigo mkubwa wa kuripoti gawio la kampuni ya ndani uko kwa kampuni inayolipa. Na hapo ndipo ninyi wenye kampuni mnapoingia.

Kwako wewe mwenye kampuni ya shamba

Ukitaka wafanyakazi wawe wanahisa, fuata mtiririko huu.

*Kwanza, hisa ziwe za kweli.* Ziandikwe kwenye daftari la wanahisa la kampuni, na mabadiliko yapelekwe BRELA kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Toa cheti cha hisa. Msiogope idadi: Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka kampuni binafsi isizidi wanahisa 50, lakini wafanyakazi waliopo na waliowahi kuwa wafanyakazi hawahesabiwi kwenye idadi hiyo.

*Pili, kila mwanahisa awe na TIN.* Mwenye namba ya NIDA anaipata bila gharama. Msaidie kijana wako wa bandani kuiomba, usimtume peke yake.

*Tatu, gawio litoke kwenye faida, na liwe na muhtasari.* Kampuni kwanza ina kodi yake ya mapato, kwa kawaida asilimia 30 ya faida. Kinachobaki ndicho kinaweza kugawanywa. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao: kiasi gani, kwa hisa ngapi, tarehe ngapi.

*Nne, kata kwanza ndipo ulipe.* Usilipe yote ukisema tutarekebisha baadaye. Hela ikishafika kwenye simu ya mtu mwenye mtoto wa shule, hairudi.

*Tano, peleka kodi TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.* Ukilipa gawio tarehe 20 Mei, kodi iwe imefika tarehe 7 Juni. Wasilisha na taarifa ya kodi ya zuio yenye majina, TIN na kiasi cha kila mmoja.

*Sita, mpe kila mwanahisa hati yake.* Hata yule mwenye hisa moja.

*Saba, waeleze kabla.* Kaa nao chini ya mwembe, chukua kipande cha boksi la chanjo, andika: hisa zako, gawio kwa hisa, jumla, kodi, unachopokea. Dakika kumi zinatosha.

Viwango hivi vinaweza kuguswa na Bunge la bajeti kila Juni, na mabadiliko huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kabla ya kutangaza gawio, thibitisha kiwango cha mwaka huo TRA au kwa mhasibu wako.

Iliishaje?

Wale vijana watatu walikaa wakazungumza. Sehemu yao wenyewe ilikuwa kubwa, kila mmoja 480,000, wakailipa. Zile 160,000 za wafanyakazi wanne wakaamua zitoke mifukoni mwao, kwa sababu kosa la kutokata lilikuwa lao. Riba nayo wakaibeba. Mkopo ulichelewa, banda likachelewa, na wakakosa msimu mmoja wa bei nzuri. Ni somo la gharama.

Gawio lililofuata niliomba nihudhurie. Safari hii sikwenda kwa ajili ya pilau. Nilichukua boksi, nikaandika hesabu ya kila mtu mbele ya wote. Wakakatwa, wakapokea, na wiki chache baadaye hati zikaja.

Dada wa banda la pili aliipokea yake, akaisoma taratibu, akaniuliza: "Hapa pameandikwa jina langu. Ina maana huko TRA wanajua kwamba mimi ni mwenye kampuni?" Nikamwambia ndiyo, wanajua. Akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha hisa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Sasa turudi kwenye swali lake la mwanzo: hela yangu mwenyewe naidaiwaje? Jibu ni kwamba katika kila gawio kuna fungu ambalo toka mwanzo halikuwa la mwanahisa, na kazi ya kulitenga ni ya anayelipa. Asipolitenga anampa mtu furaha ya uongo, halafu anakuja kuidai.

Ukiwa na hisa za mwajiri, nenda leo katafute hati zako za miaka iliyopita. Ukiwa na kampuni, pigia mhasibu wako kabla ya kutangaza gawio, siyo baada. Na kama kuna sehemu haijaeleweka, ukinikuta bandani niulize. Nisipojua, safari hii nitasema sijui, na tutaenda pamoja kumuuliza anayejua.

Makala ijayo tunarudi kwa kuku: kwa nini mayai yanakuwa na ganda laini joto la Januari likizidi, na ufanye nini na maji ya kunywa. Kazi njema.